Kibali kimeisha na majibu hayajatoka: nikisimamishwa nionyeshe nini?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa upande wa Homa Bay, na kazi yangu ni ufundi wa mitambo ya barafu katika kiwanda kimoja cha samaki hapa Mwanza. Naishi Nyakato na mke wangu, Msukuma wa Magu, pamoja na watoto wetu wawili. Nilikuja kwa mkataba, nikapata kibali cha kazi na kibali cha ukaazi daraja B, na muda wote huo sijawahi kugombana na mtu wa serikali.

Kibali changu cha ukaazi kimeisha mwezi uliopita. Mapema kabla ya hapo nilimkumbusha afisa utumishi wa kiwanda. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, kampuni inashughulikia, siku hizi kila kitu kinaombwa mtandaoni. Pasipoti yangu aliichukua ili aiskani, na hadi leo imo kabatini kwake. Nilipozidi kuuliza alinitumia picha ya risiti kwenye simu. Pameandikwa malipo ya kibali cha kazi, jina langu lipo, na tarehe yake ni ya kabla ukaazi wangu haujaisha. Akasema hiyo inatosha, nikiulizwa nionyeshe hiyo.

Wiki iliyopita nilikwenda Mwaloni, pale Kirumba, kumchukulia mke wangu dagaa wa biashara. Nikakuta maafisa wa Uhamiaji wako kwenye doria. Kiswahili changu ni kizuri na Kisukuma ninacho cha kuombea maji, lakini lafudhi ilinitoa. Nilionyesha picha ya risiti na nakala ya kibali kilichoisha. Afisa akaniuliza pasipoti iko wapi, nikamwambia iko kwa mwajiri. Akaandika jina langu na namba ya simu, akaniambia nifike ofisini kwao na nyaraka halisi. Hakunitukana wala hakuniomba kitu. Lakini tangu siku hiyo sina usingizi. Sijaenda, kwa sababu naogopa nikiingia sitatoka.

Benki nao wanataka kibali kipya ndipo waifungue akaunti yangu. Mshahara umeingia na siwezi kuutoa, ada ya mtoto inadaiwa.

Kila mtu ana lake la kuniambia. Dada yangu anayeishi Minnesota, Marekani, anasema grini kadi yake imeisha muda na anatembea na barua ya kupokelewa maombi tu, kazini na hata uwanja wa ndege wanamkubali, kwa hiyo na mimi risiti yangu inatosha. Shemeji zangu wanasema mimi ni mkwe wa hapa, nani atanigusa. Jamaa mmoja wa duka la kuchapisha na kutoa kopi anasema nimpe shilingi 300,000 anipatie muhuri ndani ya siku mbili. Na sasa mama yangu kule nyumbani ni mgonjwa. Kaka yangu ananishauri nipande basi hadi Sirari, nivuke nimwone mama, nikirudi nigongewe muhuri kama Mwafrika Mashariki yeyote, mambo yaishe.

Mama, ni nini hasa kinachothibitisha kwamba nipo kihalali wakati bado nasubiri? Na mama yangu nimfanyeje?

Fundi wa barafu, Nyakato

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hofu hiyo, na Mungu amjalie mama nafuu.

Katika barua yako yote, kilichonishtua zaidi ni ile risiti. Unasema pameandikwa malipo ya kibali cha kazi. Lakini kilichoisha ni kibali cha ukaazi. Hivyo ni vibali viwili, vinatolewa na ofisi mbili chini ya sheria mbili. Kibali cha kazi kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kibali cha ukaazi kinatoka Uhamiaji, kwa Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54. Kwa mtu aliyeajiriwa kama wewe, cha kazi ndicho kinachotangulia, halafu ndipo linafuata ombi la ukaazi daraja B. Kwa hiyo inawezekana kabisa mwajiri wako ameanza hatua ya kwanza kwa wakati na ya pili hajaigusa, anangoja ya kwanza ijibiwe. Hapo ndipo watu wanaponasa. Kampuni inaamini imeomba, mfanyakazi anaamini ameombewa, na kumbe Uhamiaji hawana ombi lolote lenye jina lake.

Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Nasema hujui, na ni lazima ujue kabla ya jambo lingine lolote. Kesho kazini mwombe afisa utumishi akuonyeshe mambo haya kwa macho yako, kwenye kompyuta yake na si kwa maneno: ombi la ukaazi lenyewe, namba yake, tarehe lilipowasilishwa, na limefikia wapi. Mwombe akuchapishie. Kama halipo, liombwe siku hiyohiyo. Uliza pia kibali chako cha kazi kinaisha lini, maana nacho kina tarehe yake. Hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24 kwa mara moja. Kama nacho kimeisha, basi hata kuendelea kushika spana pale kiwandani ni swali jingine la kisheria, na linamhusu mwajiri kama linavyokuhusu wewe, kwa sababu sheria ile ya 2015 inamkataza mtu kumwajiri mgeni asiye na kibali halali. Mkumbushe hilo kwa upole. Waajiri wengi huchangamka wakitambua kwamba nao wako ndani ya shauri.

Sasa swali lako lenyewe. Risiti inathibitisha kwamba umelipa. Ikiwa na namba ya ombi na tarehe, inathibitisha kwamba uliomba, na kama tarehe hiyo ni ya kabla ya kibali kuisha, inaonyesha kwamba hukuwa mtu wa kujificha. Hilo lina uzito mkubwa mbele ya afisa mwenye busara, na nadhani ndilo lililokufanya urudi nyumbani siku ile ya Mwaloni. Ila risiti haisemi popote kwamba umeruhusiwa kukaa. Mwenye kusema hivyo ni Uhamiaji peke yao, na wanasema kwa karatasi yao: kibali, au pasi.

Dada yako hakudanganyi. Huko Marekani, mwenye grini kadi ya kawaida anayeomba kuibadilisha kwa fomu I-90 hupewa barua ya kupokelewa maombi, na tangu Septemba 2024 barua hiyo inairefusha kadi iliyoisha kwa miezi 36. Akiishika pamoja na kadi yenyewe, ana uthibitisho kamili. Lakini tazama kwa nini inamfaa: barua yenyewe imeandikwa hivyo ndani yake, na mamlaka ileile inayotoa kadi ndiyo iliyoiandika. Yako haijaandikwa hivyo, na imetoka ofisi nyingine. Sheria ya Marekani haivuki ziwa ikaja kukutetea Kirumba. Kila karatasi utakayopewa kuanzia leo isome: nani ameitoa, inaruhusu nini, mwisho lini. Isipojibu hayo matatu, usiitegemee barabarani.

Karatasi unayoihitaji hapa Tanzania kwa kipindi cha kusubiri ipo, na wageni wengi hawaijui kwa sababu waajiri hawawaambii. Inaitwa Pasi Maalumu. Ni pasi ya muda mfupi ambayo Uhamiaji wanaweza kumpa mtu aliyeko nchini ambaye anahitaji kubaki wakati shauri lake la kibali likikamilishwa. Ina malipo yake, na huombwa Uhamiaji, haiji yenyewe. Mwombe mwajiri ailipie, maana ucheleweshaji umetokea mikononi mwake, lakini akisitasita, usikae ukibishana naye huku siku zinakwenda. Uliza pia, kwa sauti na bila kuona haya, kama pasi hiyo inakuruhusu kuendelea na kazi au ni kukaa tu. Wataandika masharti. Yafuate kama yalivyo.

Najua unachoogopa: kuingia ile ofisi. Nakuelewa, lakini nakuomba uende, tena upesi. Afisa ameshaliandika jina lako na amekupa nafasi ya kuja kwa miguu yako. Mtu aliyeitwa akaja na nyaraka zake anasikilizwa kama mwombaji. Mtu aliyeitwa akajificha, siku akikamatwa njiani Igoma au Buzuruga, lile ombi la kuja ofisini ndilo linalogeuka ushahidi dhidi yake. Usiende peke yako. Nenda na afisa utumishi wa kiwanda au mtu atakayemteua, akiwa na barua ya kampuni yenye muhuri inayoeleza wewe ni nani, kazi yako, mkataba unaisha lini, maombi yamefikia wapi na kwa nini yamechelewa. Wakikukatalia kukusindikiza, tafuta wakili. Mwanza ina mawakili wengi, na asiye na uwezo anaweza kupata msaada wa kisheria bure chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 2017. Waulize Chama cha Mawakili wa Tanganyika, au ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya ikuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

Na ikitokea wakakushikilia kwa mahojiano, una haki ya kuelezwa sababu, ya kumjulisha ndugu au wakili, na ya kuomba ubalozi wa nchi yako ujulishwe. Hiyo ya ubalozi imo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kibalozi. Ubalozi wenu uko Dar es Salaam. Waambie kwa utulivu; hakuna haja ya kufoka.

Lakini huwezi kwenda popote bila pasipoti. Hili limeniuma. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, nawe ndiye uliyekabidhiwa. Mwajiri anahitaji nakala yake, na kwa maombi ya mtandaoni nakala ndiyo inayopakiwa. Hakuna sababu ya kitabu chenyewe kulala kabatini kwake mwezi na zaidi. Kichukue kesho. Omba kwa adabu, na kama akikataa, andika barua fupi ya kuomba, itie tarehe, mfanye mtu wa masjala aipokee na kugonga muhuri kwenye nakala yako. Nina hakika hutahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo, maana hakuna meneja anayependa kueleza kwa nini anashikilia pasipoti ya mtu ambaye Uhamiaji wamemwita.

Ukishaipata, itembee nawe mchana wote, pamoja na kibali halisi kilichoisha (usikitupe, ndicho kinachoonyesha ulikaa kihalali tangu lini), chapisho la maombi yote mawili, risiti zote, barua ya mwajiri, na pasi maalumu ukishapewa. Karatasi, siyo picha. Simu huzima chaji, na picha ya risiti mtu yeyote anaweza kuitengeneza, kwa hiyo afisa hawezi kuiamini hata akitaka. Kama una kitambulisho cha NIDA cha mgeni mkaazi, kibebe, ila kumbuka kinasema wewe ni nani. Ruhusa ya kukaa ni jambo jingine. Barua ya mwenyekiti wa mtaa vilevile. Inasaidia kuonyesha unaishi Nyakato na majirani wanakufahamu, na hapo inaishia.

Nije kwa shemeji zako. Wana upendo na nawashukuru kwa kukukumbatia, lakini ndoa haikuvushi. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 imempa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kupitia ndoa hiyo. Mume mgeni wa Mtanzania haikumpa njia hiyo. Mimi naona hili ni dhuluma kwa dada zetu, kwamba kaka anaweza kumpa mkewe kitu ambacho dada hawezi kumpa mumewe, na natamani wabunge walitazame. Lakini nakushauri kwa sheria iliyopo leo. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vipeleke ofisini kama maelezo ya maisha yako hapa. Usivitegemee badala ya kibali.

Yule wa duka la kopi mwepuke kabisa, usimpe hata namba ya pasipoti. Leo una tatizo la kuchelewa, ambalo lina tiba. Ukiwa na muhuri wa kishoka una kosa la kughushi, na mfumo wa Uhamiaji hautauoanisha muhuri huo na chochote. Kuanzia hapo hata ukweli wako utaonekana uongo.

Benki hawakuonei, wanabanwa na taratibu za kumtambua mteja. Peleka barua ya mwajiri na chapisho la maombi, mwombe meneja wa tawi akuambie kwa maandishi watapokea nini kwa kipindi hiki, na ukipata pasi maalumu ipeleke siku hiyohiyo. Mwajiri naye aombwe, mshahara unaofuata aulipe kwa njia nyingine ya halali mtakayokubaliana kwa maandishi. Shuleni nenda umweleze mwalimu mkuu mapema.

Sasa mama. Hapa nimekaa sana, maana sitaki kuwa mtu aliyemwambia kijana asimwone mama yake mgonjwa.

Ushauri wa kaka yako una ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo hatari. Ni kweli Mkenya haombi viza kuingia Tanzania. Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ianze kutumika Julai 2010, raia wa nchi wanachama huingia na kupewa pasi ambayo inaweza kufika miezi sita. Ukirudi kupitia Sirari yaelekea utagongewa hiyo. Lakini hiyo ni pasi ya mgeni anayetembea. Haikuruhusu kuajiriwa. Jumatatu ukivaa ovaroli na kuingia chumba cha barafu utakuwa unafanya kazi kwa pasi ya matembezi, na maombi yako ya kibali yatakuwa yanasema jambo moja huku pasipoti ikisema jingine. Halafu kabla ya hapo kuna kutoka: afisa wa Sirari ataona kibali kimeisha mwezi uliopita nawe ulikuwa bado ndani ya nchi, na utaanza kujieleza mpakani, mbali na mwajiri, mbali na wakili, basi likikungoja au likikuacha. Na asije mtu akakushauri uvuke kwa boti usiku kutoka mialoni ya Rorya. Ukitoka bila muhuri hutakuwa na njia ya kuonyesha uliondoka lini wala ulirudi lini, na huo ndio uthibitisho wenyewe unaouhangaikia.

Kwa hiyo safari ya mama ianzie ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, siku hiyohiyo unayopeleka nyaraka. Mwombe kaka yako akutumie barua ya hospitali anakotibiwa mama, iwe na muhuri na tarehe. Mweleze afisa: maombi yangu yako hapa, mama yangu anaumwa Kenya, nahitaji kwenda na kurudi kwenye kazi yangu, nifanyeje bila kuvunja sheria? Katika kanuni za uhamiaji imo pia pasi ya kuingia tena nchini, uliza kama inakufaa kwa hatua uliyofikia. Wakikwambia subiri kidogo pasi maalumu itoke kwanza, subiri. Wakikwambia ukitoka itabidi uanze upya, basi utaamua wewe na mke wako mkijua gharama yake. Na kama hali ya mama ni ya kufa na kupona, nenda, mwanangu. Toka kwa muhuri, kwa mlango wa mbele, ukiwa na barua ya hospitali mkononi, na usirudi kazini mpaka kibali kitoke. Kazi hutafutwa nyingine.

Jambo moja la kuwauliza kiwandani mkishatulia. Kanuni za Soko la Pamoja kuhusu wafanyakazi zinaitaka mamlaka imjibu mwombaji wa kibali cha kazi kutoka nchi mwanachama ndani ya siku 30. Kama ombi lako lina siku nyingi kuliko hizo, kampuni iandike barua ya kukumbushia Ofisi ya Kazi, na nakala upewe wewe.

Mke wako mweleze yote usiku huu, pamoja na yale uliyomficha kwa kutotaka kumtia hofu. Mwachie nakala za kila karatasi na namba ya wakili, na siku unayokwenda ofisini ajue umeingia saa ngapi. Nikipata barua nyingine kutoka kwako, niandikie ombi la ukaazi liliwasilishwa tarehe gani, nione tuendelee vipi.

Mama Mshauri